Ubani na ile "lu" iliyopotea njiani

Katika nyumba nyingi za msiba za pwani yetu, karibu na mlango, hukaa mtu mmoja na daftari. Jamaa akiingia hutoa pole, hupewa nafasi ya kukaa, kisha kabla ya kuondoka humwinamia yule mwenye daftari. Noti inapita kiganja kwa kiganja, jina linaandikwa: fulani, elfu kumi, bibi fulani na wanawe, elfu tano. Siku hizi nusu ya majina hayana mwenyewe pale barazani, kwa kuwa pesa zimeingia kwa simu. Juu ya ukurasa pameandikwa neno moja, mara nyingi kwa herufi kubwa: UBANI.

Muulize mwenye daftari ubani ni nini, atakujibu bila kukwama: ni mkono wa pole, ni rambirambi. Muulize muuza viungo pale Darajani, Unguja, atakufunulia kopo la vipande vya utomvu mkavu, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya asali. Wote wawili wamesema kweli. Muulize na mkemia anayependa historia ya fani yake, atakwambia kwamba neno hilohilo ndilo lililowapa Wajerumani jina la mafuta ya gari. Naye kasema kweli, ila njia ya kufika huko ina kona nyingi, na ndiyo ninayotaka tuipite.

Kwanza tutenganishe vinavyochanganywa chetezoni, maana hapa hata kamusi zetu hukoroga. Udi ni mbao. Ni vipande vya miti ya jamii ya Aquilaria inayoota Asia, kuanzia Assam hadi Indonesia. Mti huo ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi unaoshika ndani ya mbao, na mbao hiyo ndiyo inayofukizwa. Kwa Kiarabu neno lenyewe halina harufu yoyote, ni mti tu, kijiti. Ndiyo maana hata ala ya nyuzi inayolia kwenye taarabu tunaiita udi. Buhuri ni mchanganyiko wa vitu vingi vya kufukiza. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa hapahapa Afrika Mashariki, ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kutoka Unguja hadi Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Uvumba ni neno pana zaidi, la utomvu wowote wa kufukiza, na limejishikiza kwa udi katika ule usemi wa mtu aliyekwishaamua: kwa udi na uvumba, liwe liwalo.

Ubani ni kitu kimoja mahususi. Ni utomvu wa miti ya Boswellia, miti mifupi yenye matawi yaliyojipinda na gome linalobanduka kama karatasi, inayopenda mahali ambapo miti mingine ingekata tamaa. Nyumbani kwake ni Dhofar kusini mwa Oman, Hadhramaut ya Yemen na milima ya kaskazini mwa Somalia. Jamaa zake wengine wako Ethiopia, Eritrea, Sudan na India. Wasomali wana majina mawili kwa aina zao mbili, beeyo na maydi, na maydi ndiyo wanayoipenda zaidi kuitafuna. Dhofar hupanga kwa daraja, na ile inayotoka upande mkavu wa milima, nyuma ya mvua, huitwa hojari na ndiyo yenye bei. UNESCO iliziingiza sehemu nne za nchi hiyo ya ubani katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mojawapo ikiwa bonde la miti yenyewe, Wadi Dawkah.

Mvunaji hubandua kipande kidogo cha gome kwa kisu maalumu, kisha huondoka. Mti hulia. Linalotoka ni jeupe kabisa, zito kidogo, linateremka kwa matone. Baada ya wiki mbili hivi matone yamekauka, naye hurudi kuyakwangua. Yale ya mkato wa kwanza hayathaminiwi. Ubani mzuri huanza kutoka mti ukishakatwa tena mahali palepale.

Weupe huo ndio uliozaa jina. Lugha za Kisemiti zina mzizi wa konsonanti tatu, l-b-n, wenye kubeba maana ya weupe, na ukiufuata utakutana na ukoo mkubwa. Kwa Kiarabu laban ni maziwa: Cairo ni maziwa ya kawaida, Beirut ni mtindi, Ghuba ni yale maziwa mepesi yenye uchachu yanayonywewa na chakula. Lubnan, nchi tunayoiita Lebanoni, ina jina la mlima wake wenye theluji kileleni. Kwa Kiebrania lavan ni rangi nyeupe, levana ni jina la kishairi la mwezi, na Labani, yule mjomba aliyemfanyisha Yakobo kazi miaka 14 kwa ajili ya Raheli, ana jina la mtu mweupe. Katikati ya ukoo huu ndimo uliomo ubani: kwa Kiarabu lubān, kwa Kiebrania levona. Waliouita hivyo waliangalia jeraha la mti na kuona maziwa.

Tuna shahidi aliyesimama mbele ya mti huo, tena mgeni aliyekuwa amepita kwetu kwanza. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na alipoondoka Kilwa jahazi lake lilielekea moja kwa moja Dhofar. Huko, kwenye bandari ya Hasik, anaeleza juu ya miti ambayo ikikatwa hutoa kitu kama maziwa, kisha kitu hicho hugeuka utomvu mgumu, nao ndio ubani. Mtu huyu tutamhitaji tena mbele, kwa hiyo asisahaulike.

Wachina, ambao lugha yao haina udugu wowote na Kiarabu, nao huuita ruxiang, yaani manukato ya maziwa, na Wajapani wanazisoma alama hizohizo mbili nyuko. Wagiriki hawakuangalia rangi. Walichukua neno la Kisemiti likiwa limeiva na kusema libanos. Tatizo ni kwamba mlima wa Lebanoni nao waliuandika Libanos, herufi kwa herufi, na hapo ndipo palipoanzia dhana kwamba ubani unatoka Lebanoni. Hautoki huko, na wafanyabiashara wenyewe walilijua hilo. Ile hati ya Kigiriki ya karne ya 1 inayowaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi, inayoitaja pwani yetu kwa jina la Azania na soko lake la Rhapta, inauweka ubani mahali pake: pande zote mbili za Ghuba ya Aden, upande wa Arabuni na ule wa pembe ya Afrika.

Msomaji Mkristo atakumbuka mamajusi. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema walileta "dhahabu na uvumba na manemane". Katika Kigiriki cha Mathayo neno lililopo hapo katikati ni hilo libanos, kwa hiyo kilichobebwa ni ubani hasa. Watafsiri walichagua neno pana. Siwalaumu, ingawa naona tulinyimwa nafasi ya kulikuta neno letu likiwa limetangulia Bethlehemu.

Sasa tufike kwenye ile "lu", ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Neno lubān lilipotoka Uarabuni lilikwenda na silabi yake ya kwanza, na kila lilipofika watu waliitazama silabi hiyo kwa macho ya sarufi yao. Ulaya ya zama za kati ililipokea pamoja na kile kitangulizi cha Kiarabu, al-, ambacho kazi yake ni kuonyesha kuwa kitu kinajulikana. Al-lubān ikawa, kwa Kilatini, olibanum. Wako waliosema ni mafuta ya Lebanoni, oleum Libani, lakini ubani si mafuta na Lebanoni tumeshaiondoa. Hapa basi neno lilinenepa: lilibeba kipande kisichokuwa chake.

Kwetu lilikonda. Waarabu husema lubani, sisi tunasema ubani. Ile l imekwenda wapi? Si kwamba Kiswahili kinaikimbia sauti hiyo. Tuna laana, ladha, lawama na lozi, zote za Kiarabu na zote na l yake. Jibu naliona katika ngeli. Hapo zamani nomino zetu za mfano wa ulimi, ukuta na uzi zilianza kwa lu-, na lugha ndugu bado zinayo: Mganda husema olulimi, Mbemba ululimi, Mnyarwanda ururimi. Kiswahili kiliidondosha l na kubaki na u- peke yake. Basi chukua neno geni lubani, lilete kwa watu wenye mazoea hayo. Masikio yao hayasikii Kiarabu, yanasikia kiambishi na shina: lu-bani, kama lu-limi. Na lu- inapopoteza l, ulimi hubaki ulimi, na ubani hubaki ubani. Kiambishi hakikuwahi kuwapo. Kilipachikwa na msikilizaji.

Mbishi atauliza: mbona lugha haikuwa "ugha", na lulu haikuwa "ulu"? Ni swali zuri. Katika lugha na lulu, ukiondoa lu- inabaki silabi moja, na maneno hayo mawili ni ya msomi na ya sonara, watu walio karibu na Kiarabu kilichoandikwa. Ubani ulikuwa wa kila jiko na kila kilio. Neno linalopita katika vinywa vingi ndilo linalochubuka.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kosa hilihili, kwenye silabi hiihii, lilifanywa pia na watu wa Mediterania ambao hawakuwa na habari na Waswahili wala ngeli zao. Turudi kwa Ibn Battuta. Katika miaka ya 1340 alifika Sumatra, kisiwa ambacho Waarabu walikijumlisha katika jina la Jawa, na huko tena anaeleza juu ya ubani. Lakini ubani huo hautoki kwenye mti ule wa Dhofar. Ni wa mti wa Styrax, usiohusiana kabisa na Boswellia, wenye utomvu wa harufu tamu inayokaribia vanila. Wafanyabiashara wa Kiarabu hawakuhangaika na ukoo wa miti. Kilikuwa kitu cha kufukiza, chenye madonge meupe ndani, kikitoka Jawa, basi kikaitwa lubān jāwī, ubani wa Jawa.

Bidhaa hii ilipofika kwa Wakatalani, watu wa pande za Barcelona huko Hispania, wao walikuwa na kitangulizi lo, chenye kazi ileile ya al- ya Waarabu. Waliposikia lubanjawi wakadhani la kwanza ni kitangulizi chao, wakalitenga: lo benjuí. Basi jina la kitu likawa benjuí. Wareno wakasema beijoim, Wafaransa benjoin, na Waingereza, waliochoka kabisa na kulitamka, wakafikia kuuita utomvu huo Benjamin, kama jina la mtu.

Kwa hiyo mnayo hapa lubān moja na vinyozi watatu. Mlatini aliliongezea kitangulizi cha kweli, Mkatalani alilikata kitangulizi cha kudhani, Mswahili alilikata kiambishi cha kudhani. Benjuí na ubani, yaliyokatwa mahali pamoja na watu wasiojuana, yamebaki na b na n za mzizi ule wa maziwa.

Kutoka hapa mwendo ni wa kasi. Tangu karne ya 16 watu wa Ulaya waliopasha benjuí moto walipata fuwele ambazo, kwa mara nyingine, ni nyeupe. Zikaitwa asidi ya benzoiki. Mwaka 1825 Michael Faraday, huko London, alitenga kimiminika kipya kutoka kwenye masalia ya mafuta ya gesi ya taa, akakipa jina refu la kikemia ambalo halikudumu. Miaka minane baadaye, 1833, Eilhard Mitscherlich wa Berlin alikipata kimiminika hichohicho kwa njia nyingine: aliipasha asidi ya benzoiki pamoja na chokaa. Kwa kuwa kilitoka kwenye benzoiki, akakiita Benzin. Justus von Liebig, mkemia mwenzake aliyekuwa na jarida na maoni mengi, hakulipenda jina hilo, akapendekeza Benzol. Wajerumani wakaishia kuyatumia yote mawili. Benzol ikabaki kwa kimiminika chenyewe, na Benzin likawa huru, likaja kushika mafuta mepesi yanayotolewa kwenye mafuta ghafi, na hatimaye mafuta ya gari. Italia wanasema benzina, Poland benzyna, Uturuki benzin.

Hapa lazima niondoe dhana moja inayopendwa vijiweni. Karl Benz, aliyeomba hataza ya gari lake Januari 1886, hana mkono katika neno hili. Benzin lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Kwamba mwenye jina la Benz alitengeneza chombo kinachokunywa Benzin ni sadfa tu, ya zile ambazo ukizitunga katika hadithi msomaji atakukatalia.

Waarabu nao walipoanza kununua magari walihitaji jina la mafuta yake, wakalichukua Ulaya: banzīn. Hawakulitambua. Cairo leo unaweza kusimama kwenye kibanda ukanunua libān, ambayo huko ndiyo jina la chingamu, maana ubani umetafunwa tangu kale, kisha ukavuka barabara na kutia banzīn kwenye gari. Ni neno moja limetoka nyumbani, likazunguka Sumatra, Barcelona na Berlin, likarudi likiwa limevaa suti, na ndugu yake akaliuzia chingamu bila kulijua.

Kama hilo liko mbali na wewe, geuza chupa ya soda au ya sosi ya nyanya usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta benzoeti ya sodiamu, au namba yake E211, inayowekwa kuzuia kuvu na hamira. Hilo nalo ni tawi la lubān jāwī. Siku hizi haitengenezwi kutokana na utomvu wowote wa Sumatra, inatoka viwandani kwenye mafuta ya petroli, ila jina limegoma kuondoka.

Sasa ile safari nyingine, fupi kwa maili, iliyoufikisha ubani kwenye daftari la msibani.

Ubani na mauti ni marafiki wa zamani. Mwandishi wa Kirumi Plinius, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba Arabuni haitoi kwa mwaka mzima manukato mengi kama yale ambayo kaizari Nero aliyateketeza kwa siku moja kwenye maziko ya mkewe Poppaea. Pwani yetu haikuwa na fahari hizo, lakini maiti anapooshwa chetezo huwashwa, sanda hufukizwa, na arubaini au hitima haikamiliki bila moshi. Mtu aliyekwenda kuzika alitarajiwa asiende mikono mitupu. Kama si ubani wenyewe, basi thamani yake.

Kiswahili kina desturi ya kuuacha mkono uliotoa pesa ukae nyuma ya kitu kilichokuwa kikitolewa. Kilemba cha mjomba harusini, wangapi leo hupewa kitambaa? Hupewa noti, nazo huitwa kilemba. Mkaja ulikuwa nguo ya kufunga tumbo la mzazi, sasa ni kipengele cha mahari ya mama wa bibi harusi, kinahesabiwa kwa shilingi. Ubani umepita mlango huohuo. Nadhani ni adabu ndani ya lugha: pesa haitajwi uchi mbele ya mfiwa, inafunikwa na jina la kitu kinachonukia. Na nisisitize kinachonukia, si kinachonuka, kwa sababu tofauti hiyo, ambayo lugha nyingi zinaihitajia neno zima jingine, sisi tumeiweka katika irabu moja.

Wajapani wamefika palepale bila kutupitia. Huko anayekwenda mazishini hubeba bahasha ya pesa inayoitwa koden. Neno hilo huandikwa kwa alama mbili, na ya kwanza, ko, ni manukato, ileile iliyomo katika nyuko: sadaka ya ubani, kwa maana nyingine. Mlangoni pana meza, mezani pana mtu, na majina na viwango huandikwa katika kitabu chenye jina lake, kodencho. Baadaye wafiwa humrudishia kila mtoaji zawadi ya sehemu ya alichotoa, mara nyingi yenye thamani ya nusu hivi. Sisi hatuna hesabu hiyo ya nusu, lakini daftari halitupwi. Siku msiba ukihamia kwa jirani litafunguliwa kuangalia alitoa ngapi.

Na asubuhi ya msiba, mwenye daftari akishapokea noti za kwanza, kuna mtoto ataitwa, atapewa mojawapo na kutumwa mbio dukani: sabuni, pamba, na ubani wa elfu moja.